Nataka kuunda skuta ya mtu mzima ya kupita kwenye mawe na kuruka nayo, Mwanza hapa. Mafundi nisaidieni

Mtoto wa Luchelele

Mwangaluka wakuu.

Hii kitu naiwaza mwaka mzima sasa nimeona niilete humu maana najua kuna mafundi na kuna watu wa hesabu. Mi ni mtu mzima, miaka 34, kilo 80, na napenda skuta. Sizungumzii ya mafuta wala ya umeme, nazungumzia ile ya kusimama na kusukuma kwa mguu. Nilianza kwa kumfundisha mwanangu ya kwake ya kuchezea, siku moja nikaipanda mwenyewe kwenye kile kiteremko cha kutoka barabarani kwenda ziwani, basi ikawa ndo hivyo, kila Jumapili asubuhi niko njiani kabla jua halijawa kali.

Sasa shida ni kwamba huku kwetu Luchelele na kule nyuma ya Malimbe njia zenyewe mnazijua, mawe, mizizi ya miembe, changarawe, halafu ukikaribia maji unakuta mchanga. Skuta ya mtoto ilikufa wiki ya pili. Nikanunua ya mtu mzima dukani, alumini, ya kukunja, magurudumu magumu yasiyo na upepo, muuzaji akaniambia inabeba hadi kilo 100. Ilibeba kweli ila kwenye lami. Siku niliyoshuka nayo kwenye mwamba wenye kimo kama cha goti kile kiungo cha kukunjia kikakatika, usukani nikabaki nao mkononi, nikatua kwa bega. Niliumwa wiki tatu na mke wangu hadi leo akiona skuta ananuna, na namuelewa.

Kwahiyo nataka kuunda yangu kutoka mwanzo. Ninachotaka ni skuta inayoweza kupita kwenye mawe yetu haya bila kunirusha mbele, nishuke nayo mwamba wa nusu mita bila kuwaza kama itakatika, niweze kuruka nayo juu kidogo, kunyanyua tairi la mbele na kwenda na la nyuma, na ikiwezekana ile triki ya kuizungusha yote chini ya miguu ukiwa hewani halafu unaidaka na kutua. Naulizia magurudumu ya ukubwa gani, chuma gani, breki ipi, na kimo cha pale pa kukanyagia kiwe vipi. Hela ninayo kidogo ila muda ninao. Naombeni ushauri wa kweli.

Jiwe Kubwa

Braza kwanini usinunue tu baiskeli ya milimani ukamaliza kazi? Naulizia tu maana baiskeli huku Usukumani kila fundi anaijua.

Mtoto wa Luchelele

Ninayo mkuu na naipenda pia. Ila kwenye mawe baiskeli ikikushinda unabaki umenasa kati ya tandiko na fremu, skuta ikikushinda unashuka kwa nyuma umesimama, hakuna kinachokuzuia kati ya miguu. Na nikichoka naibeba mkononi napanda nayo daladala. Ndo maana nahangaika nayo.

Fundi Geji14

Nipo Nyakato, mageti na madirisha ndo kazi yangu, nilisomea VETA, na nimeshatengeneza toroli nyingi na viti vya magurudumu viwili vitatu kwahiyo naijua habari ya kitu kinachobeba mtu.

La kwanza kabisa, sahau kukunja. Kiungo chochote kinachokunja kinaanza na tundu na pini, tundu linapanuka kidogo kidogo, kila ukitua linapigwa pale pale, mwisho wake ni ule ulioupata. Hata wale wa nje zile skuta za kukunja zilipovuma miaka ya 2000 vijana waliotaka kuruka nazo waliishia kukichomelea kile kiungo kisikunje tena, na ndo maana skuta za triki za sasaivi ni kipande kimoja.

La pili usiniletee alumini. Kuichomelea kuna mashine yake, na hata ukiipata, alumini ya 6061 ikishapigwa moto wa kuchomelea pale pembeni ya weldi inapoteza karibu nusu ya nguvu yake hadi uirudishe kwenye tanuru maalumu, na hapa Mwanza tanuru la hivyo utalipata wapi. Chuma cha kawaida kizito kidogo lakini kikipasuka unakirudisha kwangu jioni unaondoka nacho. Ukikiona kinapinda kinakwambia kabla hakijakatika, alumini haisemi.

La tatu na hili nalisema kwa uchungu, watu wanapenda kuchukua bomba la maji lile lenye ganda jeupe la zinki kwasababu linapatikana kirahisi. Ukilichomelea bila kusaga lile ganda ule moshi unakupa homa usiku, unatetemeka kama malaria. Mambo ya kunywa maziwa tunayoambizana gereji hayazuii kitu. Saga zinki yote inchi mbili kila upande au chukua tu bomba jeusi.

Chukua skwea paipu ya 40 kwa 20, ziwe mbili zinalala sambamba, ule upande wa 40 usimame wima. Usilaze! Paipu ile ile ukiilaza inapinda mapema zaidi. Geji, yaani unene wa chuma cha paipu, nitamwachia mwenye hesabu ila mi ningeenda 14.

Mzee wa Spoku

Kijana umenifurahisha. Mimi baiskeli nimezitengeneza Kirumba tangu baiskeli ya Phoenix ni gari la mtu, sijawahi kuletewa skuta ila tairi ni tairi.

Magurudumu magumu achana nayo kabisa. Kinachokurusha mbele ni jiwe kuwa kubwa kulinganisha na gurudumu, gurudumu dogo likikutana na jiwe halipandi linagonga, na wewe unaendelea na safari. Unahitaji kubwa na lenye upepo. Ila ukienda kubwa sana la inchi 20 unapata skuta ndefu kama kitanda, hurushi tena. Katikati hapo kuna inchi 12, zile za baiskeli ya mtoto, tairi nene la mbili na robo. Tairi zipo, tyubu zipo, na baiskeli za watoto za mtumba zimejaa, nunua moja mbovu utoe magurudumu yote mawili. Upepo usijaze hadi liwe jiwe, ukibonyeza kwa kidole gumba liingie kidogo.

Sasa sikiliza mambo mawili ambayo ndo yatakayokusumbua.

Haba, yaani kile kitovu cha gurudumu, za baiskeli ya mtoto zina gololi za wazi na koni. Mchanga wa ziwani ukiingia mle wiki mbili umekwisha, unasikia zinasaga kama kinu. Peleka kwa mtu wa mashine ya kukereza akukerezee haba ya chuma ikae beringi zilizofungwa kwa mpira pande zote mbili, za namba 6001 zenye maandishi 2RS, tundu lake ni milimita 12 na nje 28. Weka ekseli ya milimita 12 nzima, ile nyembamba ya mtoto itapinda siku ya kwanza na kilo zako 80. Na spoku zikazwe upya zote.

La pili foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Wengi watakwambia chukua foki ya BMX (zile baiskeli ndogo za kurukia) ya mtumba, na mimi nakwambia chukua, kwasababu shina lake, lile bomba linalopanda hadi kwenye usukani, ni la inchi moja na moja ya nane, halina nyuzi, usukani unaubana kwa nje kwa klempu ya nguvu. Foki za Phoenix shina ni jembamba na usukani unashikiliwa na kabari ndani, ukitua vibaya unazunguka. Lakini miguu ya BMX ni ya tairi la 20, ni mirefu mno, ukiiweka hivyo hivyo skuta itakaa pua juu. Ikatwe. Halafu, na hapa ndo watu wanakosea, maskio ya BMX, pale ekseli inapokaa, yametokezwa mbele kama sentimita tatu. Kwa tairi kubwa inafaa. Kwa tairi dogo ukiyarudishia vile vile usukani utakuwa unatetemeka na kukimbilia pembeni, hautulii. Miguu ya foki iende moja kwa moja, ekseli ikae kwenye mstari wa shina lenyewe, isitokeze hata kidogo.

Mwl wa Nansio

Habari za jioni. Nafundisha fizikia huku Ukerewe na hili swali nimelipenda mno nimelipeleka hadi darasani.

Mzee wa Spoku yuko sahihi kabisa na hesabu inamuunga mkono. Chora mstari kufuata shina la usukani ushuke hadi ardhini, halafu angalia tairi linapogusa ardhi. Tairi lazima liguse nyuma ya ule mstari, ndo maana gurudumu linafuata kama mkokoteni unavyofuata punda. Tairi la inchi 12 lina nusu kipenyo kama milimita 155. Shina likiwa limelala digrii 74 kutoka ardhini na ekseli haijatokeza, ule umbali unatoka milimita 44, karibu sawa na BMX ya kawaida. Ukibakiza yale maskio ya milimita 32 unabaki na milimita 11 tu, yaani mkokoteni haujui nani anamvuta mwenzake.

Kuhusu nguvu ya kutua. Ukishuka nusu mita na magoti yako pamoja na tairi vikanywea kwa sentimita 10 ndo usimame, nguvu ya wastani ni uzito wako mara (50 + 10) gawanya kwa 10, yaani mara 6. Kilo zako 80 zinakuwa kama 480. Ukitua miguu migumu ukanywea sentimita 5 tu ni mara 11, kilo 880. Hapo hujabadilisha chochote kwenye skuta, umebadilisha magoti tu.

Sasa paipu za fundi. Ekseli hadi ekseli tuseme sentimita 75, mzigo wote wa 480 ukae katikati, paipu mbili za 40 kwa 20 zimesimama. Geji 14 ambayo ni kama milimita 2 inapata mkazo wa karibu megapaskali 200. Chuma cha kawaida kinaanza kupinda moja kwa moja kwenye 250 hivi, kwahiyo unapona. Paipu ya milimita 1.5 inagota kwenye hiyo hiyo 250, yaani ukingoni kabisa. Kwa kutua miguu migumu hata geji 14 inapinda. Kwa hali halisi miguu yako miwili haikai katikati kabisa kwahiyo utakuwa na nafuu kidogo zaidi ya hapo, ila mimi ningeongeza paipu ya tatu katikati, kwa nusu mita ni gramu kama 900 tu.

Na ile triki ya kuzungusha, ndugu yangu, samahani. Gurudumu la nyuma la kilo moja na nusu likiwa sentimita 75 kutoka kwenye usukani, ugumu wa kulizungusha ni karibu mara tisa ya kagurudumu ka robo kilo kalikokaa sentimita 60 kama kwenye skuta ndogo za triki. Mara tisa na hapo sijahesabu fremu. Na muda wako hewani ni ule ule. Inabidi uchague.

Mtoto wa Luchelele

Mwalimu wabeja sana aisee. Hiyo ya mara tisa imenikata maini kidogo lakini bora nijue sasaivi kuliko nikiwa hewani. Nimekaa nimewaza, nikiwa mkweli kilichonileta kwenye hii kitu ni mawe, sio kuzungusha. Kuzungusha nilikuwa naona kwenye simu tu. Naitoa. Inabaki kuruka, kushuka, na kunyanyua tairi la mbele.

Dereva wa Rusumo

Wakuu mimi napeleka mizigo Rwanda na nimewahi kuvuka hadi Goma. Mnayoongea hapa wenzetu wanayo siku nyingi inaitwa chukudu. Skuta ya mbao tupu, kubwa, magurudumu ya mbao yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, inabeba viazi, makaa, magunia kwa magunia, na inapita kwenye yale mawe meusi ya volkano ambayo kusema ukweli ya Mwanza ni malaini. Wameijengea hadi sanamu ya rangi ya dhahabu mjini. Nachotaka kusema, angalia wanavyoshuka nayo mlima, hawasimami wima, jamaa anapiga goti moja juu ya ubao uzito wote unakuwa chini na nyuma. Deki yako, pale pa kukanyagia, iwe na nafasi nyuma ya kurudisha mwili, usiifanye fupi ikaishia kwenye kisigino.

Nesi wa Zamu

Kaka yangu naomba na mimi niseme, sijui kuchomelea ila naona wanaoletwa.

Kwanza ncha za usukani. Bomba la wazi lisilo na kizibo ni kama kikata maandazi, mtu akiangukia tumbo linaingia. Ziba zote mbili, kwa mpira au kwa chuma, na kila siku angalia kama kizibo kipo. Hii nisomeeni mara mbili tafadhali hasa wenye baiskeli za watoto nyumbani.

Pili mtu akianguka anatanguliza kiganja na mfupa wa mkono karibu na kifundo ndo unaovunjika. Pedi za kiganja, za magoti, helmeti iliyofungwa kidevuni. Tatu nati za gurudumu la nyuma, ukiwa unasukuma kisigino kinapita pale pale, mwambie mwenye kukereza afanye haba ya nyuma nyembamba na nati zisitokeze. Na usiende peke yako kule nyuma ya Malimbe. Mke wako ana haki ya kununa, mwambie umepata na pedi.

Fundi Geji14

Dada nakushukuru hiyo ya ncha sikuwa nayo kichwani, nitaziba kwa kuchomelea kabisa.

Mwalimu nimeielewa hesabu yako, paipu tatu basi. Naongeza ya kwangu. Kitakachopasuka sio katikati, ni pale shingo, lile bomba la mbele linalopitisha shina la foki, inapokutana na paipu za deki. Usikate paipu moja kwa moja ukaiegesha kwenye bomba la shingo ukajaza weldi, isage mdomo wake uwe duara likumbatie bomba, halafu pembeni kila upande weka pembetatu ya bati la milimita 3. Rodi 6013 ya milimita 2.5, ampia 60 mpaka 80, vituo vidogo vidogo ukibadilisha pande maana ukimaliza upande mmoja kwanza inavuta skuta inakaa kama mbwa anayekimbia kiupande. Weldi usiisage ikawa laini ya kupendeza, unapunguza nyama. Na pale kwenye shingo tupake rangi nyeupe, ufa ukianza kutu inachora mstari mwekundu unauona kabla ya kutoka nyumbani.

Breki sasa. Mi nasema ya nyuma tu.

Mzee wa Spoku

Ya nyuma tu haitoshi fundi, kwenye kiteremko cha kwenda ziwani tairi la nyuma linakosa uzito linaburuza. Mbele aweke pia, ila ya kebo laini, vidole viwili, isiwe kali. Umesimama juu na skuta ni fupi, ukifinya yote unaruka juu ya usukani. Nyuma ndo ashike kwanza, mbele anaongezea huku amerudisha makalio nyuma. Na kwakuwa ameshaacha ile ya kuzungusha kebo hazina tatizo tena, hazijisokoti.

Mwl wa Nansio

Naunga mkono. Kwa kukadiria tu, ya nyuma peke yake inakupa karibu nusu ya unachoweza kupata ukitumia na ya mbele hadi pale inapokaribia kukupindua.

Jiwe Kubwa

Nilianza kwa kubisha ila nimesoma yote hadi chini. Kimo cha deki bado hamjamjibu.

Mzee wa Spoku

Kweli. Ekseli ziko juu sentimita 15 na kitu, deki ishuke chini ya ekseli. Kila anaposukuma goti la mguu uliosimama linakunja kwa kimo cha deki, mara elfu kwa safari moja, ikiwa juu paja linaungua kabla hajafika Nyegezi. Ikiwa chini sana inakwaruza mawe. Acha sentimita 10 kati ya ardhi na paipu, na chini ya paipu flati baa ya kukwaruzia inayofungwa kwa bolti ili ikiisha ibadilishwe.

Mtoto wa Luchelele

Wakuu nimeandika yote kwenye daftari. Inchi 12, beringi za mpira, ekseli ya 12, foki imenyooka, digrii 74, ekseli hadi ekseli 75, paipu tatu geji 14, hakuna kukunja, breki mbili, deki chini ya ekseli. Usukani kutoka deki hadi mikononi nimejipima nimepata sentimita 88, unakuja kwenye kitovu changu kwa chini kidogo. Juu ya deki nitafunga mbao, nipake rangi nzito halafu kabla haijakauka nichekeche mchanga wa ziwani juu yake, marehemu baba alikuwa anafanya hivyo kwenye mtumbwi wake wasiteleze.

Baiskeli ya mtoto mbovu nimeshapata Igoma kwa elfu 45, magurudumu yote mazima. Foki ya BMX bado natafuta. Fundi uko wapi hasa pale Nyakato, nije lini?

Fundi Geji14

Njoo Jumamosi saa nne, nimekutumia namba pembeni. Paipu nitakuwa nimenunua, foki usihangaike ninayo moja imening'inia dukani mwaka wa tatu. We njoo na vile viatu unavyopandia, upana wa deki nataka niupime na mguu wako umevaa.